Astrid: Mama Yako Anaitwa Nani?

Akina Astrid wa kwanza niliowajua walikuwa vikongwe. Nilianza kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, katika mji mdogo kaskazini mwa Oslo, mwezi Novemba 2010. Theluji ya kwanza ilikuwa imeshaanguka na Kinorwei changu bado kilikuwa cha kuokoteza. Asubuhi ile nilikabidhiwa vyumba sita, kila mlango na kibao chake cha jina: Borghild, Gudrun, Solveig, Ingeborg, na Astrid wawili. Nikagonga kwa Astrid wa kwanza, nikaingia na kusema kwa heshima zote, "Habari za asubuhi, Astrid," nikiipigilia ile d ya mwisho kama msumari.

Bibi yule alinitazama kitambo, akaushika mkono wangu. "Astri," akasema. Nikarudia, na d yangu. "Astri," akasema tena, taratibu, kama anayemlisha mtoto. "Ile d tunaiandika tu. Hatuitamki."

Jambo la pili lilinisumbua kuliko d. Kule mtu wa miaka 90 anaitwa kwa jina lake kavu, na yeye mwenyewe ndivyo anavyotaka. Mimi nimelelewa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, baadaye Kigoma. Mwanamke wa umri ule ningemwita bibi, au mama fulani kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kulitaja jina lake hivihivi ningeonekana sikufunzwa. Kwa miezi mingi nilikuwa nikisema "Astri" kwa mdomo, moyoni nikitanguliza "Bibi".

Niliona pia kwamba wafanyakazi wenzangu walikuwa na majina mengine kabisa. Walikuwa akina Hege, Trine, Silje, Anita. Hakuna hata mmoja aliyeitwa Astrid. Nikahitimisha kwamba ni jina linaloondoka na wenyewe, kama Buyenzi ambako leo husikii msichana mdogo akiitwa Chausiku.

Nilikosea. Mwaka 2016 nilikuwa mjamzito, nimekaa kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto, muuguzi akachungulia mlangoni na kuita, "Astri!" Nikageuka kumtafuta kikongwe mwenye kigari cha kutembelea. Akainuka msichana wa miaka 25 hivi, kifuani kabeba kichanga cha miezi minne.

Jioni nilipomsimulia mume wangu, alicheka akasema shule ya chekechea ya mtoto wa dada yake ina Astrid watatu. Norwei wana ofisi ya takwimu ya taifa, Statistisk sentralbyrå, ambayo kila Januari hutangaza majina waliyopewa watoto wa mwaka uliopita, na magazeti huyapokea kama kwetu yanavyopokea matokeo ya mtihani wa taifa. Mtu yeyote anaweza kuandika jina kwenye tovuti yao akaona historia yake. Usiku ule nililifuata Astrid. Miaka ya 1910 na 1920 lilikuwa jina la kawaida mno, ndiyo maana korido yangu ilijaa. Baada ya vita kuu ya pili likashuka, na katika miaka ya 1970 na 1980 wazazi walikuwa karibu wamelisahau, ndiyo maana sikuwa na mfanyakazi mwenzangu wa jina hilo. Kisha kuanzia miaka ya 2000 likapanda tena, na leo limo katika majina yanayopendwa sana Norwei, Uswidi na Denmark. Ukimtajia Msweden, pengine wa kwanza kumfikiria ni Astrid Lindgren, mwandishi wa hadithi za watoto aliyezaliwa 1907 na kufariki 2002. Huko Uswidi alianza kupendwa na watoto ambao sasa ni mababu.

Mama mkwe ndiye aliyenieleza kwa nini jina hufa na kufufuka hivi. Tulikuwa jikoni kwake, yeye akimenya viazi. "Jina la mama yako ni la mama yako, humpi mtoto," alisema. "Jina la bibi yako linanuka uzee. Lakini jina la mama wa bibi yako halina mtu unayemkumbuka akikugombeza. Kwa hiyo linarudi likiwa jipya." Kisha akaacha kumenya. Mama yake mzazi, aliyezaliwa 1921 na kufa 2012, aliitwa Astrid. Hakuniomba kitu. Alisema tu kwamba hakuna aliyewahi kumwita mtu jina hilo tangu afe.

Nilimwelewa vizuri kuliko alivyodhani. Wanorwei wana desturi ya kumwita mtoto jina la babu au bibi, na wana neno lake, *kalle opp*, ambalo ukilifuata moja kwa moja ni "kuita juu", kama unamwamsha aliyelala. Zamani ilikuwa karibu sheria kwamba mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la baba wa baba, kisha zamu inakwenda upande wa pili. Kwetu tunasema mtoto ana somo yake. Ukiwa na somo katika ukoo, huyo si mtu baki kwako: anakuletea zawadi, anakuita mwenzangu, na siku akifa, kuna sehemu yake inabaki inatembea.

Kwa hiyo desturi yenyewe sikuwa na ugomvi nayo. Kilichonisumbua ni maana.

Mimi naitwa Tabu. Mama alishikwa na uchungu siku tatu, mkunga akakata tamaa mara mbili, na nilipotoka wakaniita kile walichokuwa wamekiona. Nimebeba jina hili shuleni, kambini, uwanja wa ndege, kwenye kila fomu. Watu wa bara letu huniuliza kwa huruma, "Kwa nini walikuita hivyo?" Niliapa kwamba mwanangu atakuwa na jina ambalo maana yake inaweza kusemwa mbele za watu bila kushusha macho. Basi nikaenda maktaba ya mji nikamwomba mama wa pale anitafutie Astrid ina maana gani.

Ni jina la sehemu mbili, kama yalivyo mengi ya watu wa kale wa kaskazini. Ya kwanza ni *áss*, yaani mmoja wa ile jamii ya miungu yao, akina Odin na Thor. Ya pili ni *fríðr*, mzuri, mwenye kupendeza. Wengi wanadhani mwanzo wake ni *ást*, mapenzi, na hata kwenye kadi za pongezi utaona wameandika hivyo, lakini umbo la zamani linawasuta kwa sababu lina f katikati: Ásfríðr. Mama wa maktaba alinionyesha picha ya jiwe la karne ya 10. Ni moja ya mawe mawili yaliyopatikana karibu na mji wa kale wa Haithabu, ambao leo uko kaskazini mwa Ujerumani, yamechorwa maandishi ya runi, herufi za kale za watu wa kaskazini. Yanasema Ásfríðr aliyasimamisha kumkumbuka mwanawe Sigtrygg, aliyemzaa na Gnupa. Nilikaa na picha ile muda mrefu. Huyo mama alifiwa na mwana, akatafuta jiwe, akatafuta fundi wa kuchora, na la kwanza alilotaka lisomwe ni jina lake yeye na la mtoto.

Lakini maana ndiyo hiyo: mzuri wa miungu. Baba yangu ni mzee wa msikitini. Nilimwona mawazoni mwangu akiinamisha kichwa na kuniuliza, "Miungu, mwanangu? Kwa wingi?" Nilikaa na mzigo huo wiki mbili, simu nampigia, jina silitaji.

Nilipolitaja hatimaye, nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa alilouliza.

"Astrida?" akasema baba kutoka Ujiji. "Kwani mnamwita mtoto jina la mji?"

Nikamwambia si mji, ni jina la watu la Norwei. Akanyamaza. Kisha nikamsikia anavuta kiti. Baba akivuta kiti, jua simulizi inakuja.

Mwaka 1960, akiwa kijana wa miaka 16, alikuwa utingo wa lori lililokwenda kutoka Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa enzi za Wabelgiji, hadi Astrida katika Rwanda. Walipanda milima ya Kayanza, wakavuka Akanyaru, na magunia ya ndagala, yaani dagaa, na chumvi juu, yeye juu ya magunia. Astrida palikuwa baridi. Palikuwa na kanisa kubwa la matofali na shule ambayo kila mtu wa Ruanda-Urundi aliijua, ile iliyoanzishwa 1929 na kuendeshwa na mabradha wa Kikatoliki, Groupe Scolaire. Humo walisomeshwa wana wa machifu, wakatoka makarani, wasaidizi wa madaktari, mabwana shamba. Baba aliwaona wavulana hao wakipita na vitabu kwapani, umri wake mmoja, yeye kifua wazi anateremsha chumvi.

"Mlima ule ulikuwa na jina lake," alisema. "Wenyewe waliuita Butare. Wakubwa wakaubandika jina la mke wa mfalme wao. Hata sisi wa malori tulipokuwa mbele ya Mzungu tulisema Astrida, tukiwa peke yetu Butare." Uhuru ulipokuja mwaka 1962, Butare likarudi kwenye ramani, na Astrida likafutwa.

Nikaketi kitandani. Nilikuwa nimehangaika na miungu ya miaka elfu moja iliyopita, kumbe jina lenyewe lilikuwa limeshafika kwetu na kukaa juu ya mlima wa watu, na baba yangu alikuwa ameteremsha magunia chini yake. Nikamwambia, "Basi baba, tutaliacha."

"Sijasema liache," akanijibu. "Nimesema nalijua." Akaendelea. "Unajua nani alisoma Astrida? Rwagasore."

Kwa msomaji asiye wa huko, jina hilo pengine halimwambii kitu. Kwetu Buyenzi ni jambo lingine. Mwanamfalme Louis Rwagasore aliongoza Burundi kudai uhuru, na Waswahili wa Buyenzi walikuwa naye tangu mapema, wakati wengi waliwaona Waswahili kama wageni tu. Aliuawa kwa risasi tarehe 13 Oktoba 1961, wiki chache baada ya chama chake kushinda uchaguzi. Baba alikuwa mtaani siku ile. Anasema wanawake walitoka nje na kanga vichwani wakalia barabara nzima. Kijana huyo alikuwa amepita katika madarasa ya Astrida miaka ya 1940, kwa hiyo kwa baba jina lile lilikuwa la mkoloni na la Rwagasore kwa pamoja, na hakuona haja ya kuvitenganisha.

Baada ya simu nilitaka kumjua huyo mke wa mfalme. Kumbe hakuwa Mbelgiji. Alikuwa Msweden, amezaliwa Stockholm mwaka 1905, akaolewa na Leopold wa Ubelgiji 1926, akawa malkia 1934. Mwaka uliofuata, tarehe 29 Agosti 1935, mumewe akiwa kwenye usukani, gari lao liliacha njia kule Küssnacht, Uswisi, naye akafa papo hapo. Alikuwa na miaka 29 na watoto watatu, wa mwisho hajafikisha hata mwaka na nusu. Dada yake mkubwa, Märtha, alikuwa ameolewa Norwei na mrithi wa kiti, na mwaka 1932 alikuwa amejifungua binti akamwita Astrid. Kwa lugha yetu mtoto yule aliitwa jina la mama yake mdogo. Nilifarijika kuona kwamba hata katika majumba yale ya wafalme, jina lilitembea kwa njia ileile linayotembea Buyenzi, kutoka kwa ndugu kwenda kwa mtoto wa ndugu.

Bado sikuwa nimeamua. Uamuzi ulikuja ziwani.

Mama mkwe ni mtu wa Hadeland, na huko kuna ziwa jembamba linaloitwa Randsfjorden, refu zaidi ya kilomita 70. Mtu wa Tanganyika hawezi kuliita kubwa, lakini lina ile rangi ya chuma asubuhi ambayo nilikuwa sijaiona tangu Kigoma. Julai ile, tumbo likiwa la miezi sita, tulikwenda sisi wawili tu, na chupa ya kahawa na maandazi yao ya kubanwa kwenye chuma. Akaninyoshea kidole majini. "Astrid wa kwanza tunayemsimulia sisi alijificha humu," akasema.

Hadithi yenyewe imeandikwa na Snorri Sturluson wa Iceland katika karne ya 13, zaidi ya miaka 200 baada ya mambo kutokea, na wataalamu hawaichukui kila neno kama ushahidi. Mimi nitaisimulia nilivyoisikia pale ufukweni, kisha nikaisoma mwenyewe.

Astrid binti Eirik alikuwa mke wa Tryggve, mfalme mdogo wa upande wa kusini-mashariki. Mahasimu wake, wana wa Gunnhild, walimwita mumewe kwa maneno ya amani wakamuua. Astrid alikuwa mjamzito. Alikimbia na watu wachache na mzee mmoja wa kumlinda, akavushwa hadi kisiwa kidogo ndani ya ziwa hili, akajifungua huko mtoto wa kiume. Wakamnyunyizia maji, kama ilivyokuwa desturi yao hata kabla ya Ukristo, wakamwita Olav, jina la baba wa baba yake.

Hapo nilimwomba mama mkwe arudie. Watu wanawindwa. Hakuna moto wa kutosha, hakuna mkunga, adui anauliza njia nzima. Na bado mtoto hakukaa bila jina, wala hakupewa jina la tabu waliyokuwa nayo. Alipewa la babu yake.

Astrid akakimbilia kwa baba yake, kisha Uswidi, na mtoto alipokuwa na miaka mitatu wakapanda merikebu kwenda mashariki, kwenye nchi ambayo leo ni Urusi, ambako kaka yake Sigurd alikuwa mtumishi wa mfalme. Baharini wakakamatwa na maharamia wa Estonia. Yule mzee aliuawa kwa sababu hafai kuuzwa. Mama na mwana wakatenganishwa, kila mmoja akaenda na bwana wake. Olav aliuzwa, bei yake mbuzi dume mmoja. Aliyemnunua akamuuza tena, safari hii kwa vazi.

Mimi nimekulia karibu na Ujiji, ambako njia ya misafara ya watumwa ilianzia kushuka hadi Bagamoyo. Sikuwahi kufikiri kwamba mwanamke mweupe mwenye jina la malkia angeweza kusimama katika soko kama lile. Astrid alisimama. Baada ya miaka, mfanyabiashara tajiri wa Norwei aitwaye Lodin alipita soko la Estonia akamwona, amepauka, amekonda, nguo zimechakaa, naye akamwambia yeye ni nani. Lodin akamkomboa kwa sharti la kuolewa naye, akamrudisha kwao.

Lakini kilichonivunja ni habari ya mtoto. Miaka sita baadaye Sigurd alikuja Estonia kukusanya kodi ya mfalme wake. Akamwona sokoni kijana mzuri wa sura, ambaye si wa huko. Akamuuliza jina. Mtoto akasema, Olav. Baba yako nani? Tryggve, mwana wa Olav. Na mama yako? Astrid, binti Eirik. Ndipo Sigurd akajua kwamba aliyesimama mbele yake ni mtoto wa dada yake. Akamnunua akamchukua.

Mjomba alimpata mpwa wake kwa sababu mtoto wa miaka tisa, aliyeuzwa mara mbili, alikuwa bado anakumbuka mama yake anaitwa nani.

Nililia, na mama mkwe hakuelewa kwa nini, mpaka nilipomwambia jambo ambalo hata mume wangu alikuwa hajalisikia lote. Machi 1995 tulifukuzwa Buyenzi tukakimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka, katika Kongo ya leo. Oktoba 1996 vita ikaingia Uvira. Tukapanda boti usiku, watu wamejaa mpaka maji yanaramba ukingo, tukateremka Kibirizi, Kigoma, alfajiri. Katika msukumano ule mdogo wangu, wa miaka mitano, alipotea. Mkono wake ulikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa na miaka 11.

Siku 19 mama hakula chakula cha kueleweka. Watoto waliopotea walikusanywa mahali pamoja, na mama mmoja wa shirika la misaada alikuwa akiwauliza mmoja mmoja, "Mama yako anaitwa nani?" Wengi walijibu, "Mama." Watoto wadogo wangejuaje? Mama ni Mama. Lakini mama yetu, tangu Uvira, kila jioni kabla ya kulala alitukalisha na kutuuliza kama mwalimu wa chuo: unaitwa nani, mama yako nani, babu yako nani, mtaa gani. Tulichukia. Mdogo wangu alilia kwa usingizi lakini aliitika. Kwa hiyo alipoulizwa alisema, "Zuhura wa Buyenzi, avenyu ya 15." Wakatangaza kwa kipaza sauti. Mama alisikia jina lake akiwa kwenye foleni ya maji. Ndoo ilibaki palepale.

Mama mkwe hakusema neno. Aliweka mkono wake juu ya tumbo langu, tukakaa hivyo mpaka kahawa ikapoa. Nilikuwa nimezunguka maktaba na kamusi nikitafuta jina lenye maana nzuri, na mama yangu alikuwa amenionyesha tangu nikiwa na miaka 11 kwamba la kutazama ni nani amelibeba, na limemfikisha wapi. "Basi ni Astrid," nikamwambia. "Astrid Zuhura."

Alizaliwa Oktoba. Hospitali, kwenye mkanda wa mkononi, waliandika tu "msichana" na jina langu, maana sheria yao inawapa wazazi miezi sita ya kuamua. Sisi tulikaa siku saba. Jina linapelekwa kwenye mamlaka ya kodi, ambayo ndiyo hutunza daftari la watu wote wa nchi, na kwa kuwa yote mawili tuliyaandika kama majina ya kwanza hapakuwa na swali. Mama mkwe alileta uji mzito wa malai chachu, na siagi na mdalasini juu, ule ambao zamani wanawake wa jirani walimpelekea kila mzazi. Nilikula sufuria nzima, nikikumbuka uji wa pilipili manga ambao mama angenipikia.

Baba alimwadhinia mjukuu wake kwa simu. Mume wangu aliishika kwenye sikio la kulia la mtoto, mikono inamtetemeka, na sauti ya mzee wa Ujiji ikaingia katika chumba kile chenye theluji dirishani. Alipomaliza nikapata ujasiri wa kumweleza ile habari ya miungu. Alifikiri. "Hao miungu wao wako wapi sasa?" Nikamwambia wamebaki kwenye siku za wiki: Jumatano yao ni siku ya Odin, Alhamisi ni siku ya Thor, wanazitaja bila kuwaza. "Na Zuhura ni nini?" akaniuliza. Ni nyota, nikasema. "Ni nyota," akakubali, "na wapo watu zamani waliiabudu. Mbona mama yako alikuwa akiswali swala tano?" Hakurudi tena kwenye suala hilo. Lakini ukweli ni kwamba mpaka leo yeye humwita Zuhura, na akitaka kumchokoza humwita mke wangu, kama babu yeyote kwa mjukuu aliyechukua jina la mkewe.

Julai 2022 tulikwenda Kigoma. Mtoto alikuwa anakaribia miaka sita, amezoea ziwa baridi, akastaajabu kuona watu wanaoga Tanganyika bila kupiga kelele. Mdogo wangu sasa ana boti yake ya uvuvi na watoto wawili. Alikuja kumchukua mpwa wake asubuhi mapema, wakaenda Kibirizi kuona boti zikirudi, mimi nikifuata nyuma kwa hatua chache. Ufuko ulikuwa umejaa: wachuuzi, karai za dagaa, wapagazi, watoto wakipita katikati ya miguu ya watu. Nikamwona mdogo wangu anasimama ghafla. Akachuchumaa mbele yake, akamshika mabega.

"Unaitwa nani?"

"Astrid Zuhura," akasema, bila d, kama bibi yule wa korido alivyonifunza.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Tabu."

"Na mama yake?"

Akafikiri kidogo, jua likimpiga usoni. "Zuhura. Kama mimi."

"Wa wapi?"

Hilo alikuwa hajui. Mjomba akamfundisha pale pale, akamrudisha mwanzo, akauliza tena yote manne. Alipoyapata, akambeba begani, wakaenda kununua mgebuka.